Baridi ya Minnesota imetushinda: Yuma, Mesa au Desert Hot Springs?

Mama Zawadi, St. Paul
Wakubwa shikamooni, wengine hamjambo. Mzee wangu kastaafu mwaka huu, na magoti yangu hayataki tena kusikia habari ya theluji. Tuna trela ya kulala ya mwaka 2012, tunataka kushuka nayo jangwani kuanzia Januari mpaka Machi. Nimebaki na kambi tatu za RV, yaani za magari na trela za kulala: ya Yuma na ya Mesa kule Arizona, na ya Desert Hot Springs kule California yenye maji moto. Kwenye picha zote zinavutia. Tena wajukuu wanataka kuja likizo ya Machi. Mnanishauri nini?

Kitwana wa Malori
Marahaba, Mama Zawadi. Picha za bwawa weka pembeni kwanza. Piga simu uulize kama trela ya 2012 wanaipokea, maana kambi nyingi za hadhi hazitaki gari lililopita miaka kumi. Nyingine watakwambia utume picha, wakiona haijachakaa mnaingia. Ulijue hilo kabla hujatoa hela.

Halafu wajukuu. Kambi za "55+", yaani za watu wa miaka 55 na kuendelea, zinaruhusiwa kisheria kukataa familia zenye watoto. Mgeni mtoto wanaweza kumpa siku chache tu, na bwawani aingie kwa saa zake. Uliza waziwazi.

Mimi ni mtu wa Yuma, lakini sitakuficha. Fungua ramani ya setelaiti uone kambi imepakana na nini. Huku majira ya baridi ni mashamba ya saladi kila upande. Upepo ukigeuka unakunywa chai na harufu ya mbolea. Ndege za kivita za Marine, wanajeshi wa Marekani, nazo zina uwanja wao hapahapa. Tunachofaidi ni jua, na Los Algodones upande wa Mexico: unaacha gari kwenye maegesho ya Waquechan, kabila la Wahindi Wekundu wa huku, unavuka kwa miguu, unatengeneza meno na miwani kwa bei nafuu. Pasipoti mkononi, na foleni ya kurudi mchana ujipange nayo.

Desert Hot Springs maji moto ni ya ardhini kweli, magoti yatafurahi. Ila ile mitambo ya upepo pale bondeni haikuwekwa kwa urembo.

Popote utakapokwenda, omba kiwanja ambacho mlango wa trela utaelekea kusini. Jua la Januari linapita upande huo, unakaa nje bila koti. Ukielekea kaskazini, siku nzima uko kivulini.

Halima, Tucson
Shikamoo mama. Usisahau makoti, jangwa usiku linauma. Na vumbi la Arizona lina fangasi wa homa ya bonde, ugonjwa unaoshika mapafu. Kama baba ana shida ya mapafu, amwone daktari kabla ya safari. Bima yenu ni ya aina gani?

Mama Zawadi
Marahaba mwanangu. Ni Medicare Advantage, bima ya afya ya sisi wazee, ile ya HMO ya kutibiwa na madaktari wa eneo letu. Umeme wa trela ni ampea 30.

Halima, Tucson
Basi wapigie watu wa bima mapema. Hizo kwa kawaida nje ya eneo lenu hulipia dharura na matibabu ya haraka, siyo kliniki ya kila mwezi.

Kitwana wa Malori
Ampea 30 ni wati 3,600. Hita mbili ndogo zinakula 3,000. Ukiwasha maikrowevu, swichi inajizima na chakula kinabaki baridi. Tena ukilipia kwa mwezi, mara nyingi umeme unasomwa kwenye mita yako. Jaza gesi ya kupasha joto.

Mama Zawadi
Mesa wameikataa trela, na Yuma hawataki wajukuu walale. Desert Hot Springs wanataka picha, mzee yuko nje na ndoo ya sabuni anaisugua. Huo upepo ni wa kila siku?

Kitwana wa Malori
Hapana, lakini kuelekea Machi unazidi. Lile turubai la mlangoni mlikunje kabla ya kulala, hata kama jioni imetulia.