MJADALA: Ukumbi wa kituo jioni tuwape nani, wanaoanza au sisi tuliokwama katikati?

Fundi Nusu (mwenye mada):

Wana Bweyale, mji wetu huu wa Uganda, na nyinyi wa makazi ya wakimbizi ya Panyadoli, salamu. Jumapili hii saa tisa kamati ya kituo chetu cha jamii inakaa, na kama kawaida yao tutasikia uamuzi ukishapita, kwa hiyo naileta hapa mapema tugombane kabla.

Jambo lenyewe ni hili. Yule mfadhili aliyefunga ofisi misaada ilipokatwa 2025 alituachia vitu: paneli nne za sola, invata, betri mbili za lithiamu na mota moja ya fezi tatu iliyoungua, hiyo nadhani aliiacha kwa sababu ni nzito tu. Ukumbi tunao mmoja. Jioni zenye mwalimu ni tatu kwa wiki, kuanzia saa kumi na moja. Wengine wanataka ziendelee na kozi ya kuanza, ile ya miezi mitatu, simu na kompyuta na waya za nyumba. Wengine, na mimi nimo, tunataka darasa la ufundi wa juu, watu 12, miezi sita: sola kubwa, mota, lithiamu.

Mimi nina vyeti vitatu vya kituo hicho, cha 2019, 2022 na 2023, na vyote vimeandikwa neno lilelile, "msingi". Yaani nimeanza mara tatu. Kila baada ya miezi mitatu tunapiga picha, tunakunywa soda, tunatoka watu 30 tunaojua kufunga balbu na soketi, sasa Bweyale imejaa mafundi wa balbu mpaka kuna mtu anafunga balbu kwa bei ya rolex moja, ile chapati ya mayai. Lakini mota ya mashine ya posho, ya kusaga unga, ikiungua inapakiwa kwenye lori kwenda Lira au Kampala, inakaa huko wiki mbili, na pesa inabaki hukohuko. Bwawa la umeme la Karuma, megawati 600, liko hapo mlangoni kwetu, vijana ninaowajua mimi waliopata kazi pale walipata ya koleo.

Ngoja niseme la aibu. Mwaka juzi mwenye duka la dawa aliniita, friji yake ndogo ya sola inazima kila usiku. Nikapima betri, inasoma volti 12.4, nikamwambia betri imechoka nunua nyingine. Akanunua, pesa nyingi. Friji ikaendelea kuzima. Nikabadilisha chaja kontrola, bado, nikaanza kukwepa hata kupita mbele ya duka lake. Ndipo akapita fundi mmoja mzee kutoka Masindi, akaniambia weka multimita kwenye friji siyo kwenye betri, na subiri kompresa izunguke. Nikaweka. Inasoma 10! Betri ilikuwa chumba cha nyuma, waya wa milimita za mraba 2.5 nilivuta mimi mwenyewe mita 20 kwenda na 20 kurudi, friji inakula ampia 8. Mzee akachukua boksi la panadol akapiga hesabu kwa kalamu: mita moja ya waya huo inazuia kama omu 0.0074, zidisha kwa mita 40, zidisha kwa ampia 8, unapata volti 2.4 na hizo zote zinaishia njiani zinapasha waya moto bure. Kwenye umeme wa 240 wala husikii, kwenye sola ya 12 ni balaa. Tukahamisha betri tukaiweka mita tatu kutoka kwenye friji. Haikutugharimu hata shilingi mia. Ile betri ya zamani haikuwa na kosa lolote.

Hesabu ile ni dakika mbili, na kwenye vyeti vyangu vitatu hakuna aliyenifundisha. Kwa nini? Kwa sababu kozi ya kuanza haifiki huko, na haiwezi kufika, wiki nne za kwanza zinaisha kwenye kushika bisibisi. Kwa hiyo mimi nasema ukumbi tupewe. Leteni maneno.

Mama Kikomando:

Pole kwa friji baba lakini ngoja nikuulize, msingi umekuwa mdogo kwako kwa sababu wewe ulishaula mara tatu. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Binti yangu jina lake liko kwenye daftari la kusubiri tangu mwaka jana, kila awamu anaambiwa awamu ijayo, sasa awamu ijayo mnataka kuifuta mkae nyinyi 12 mnaopima friji. Na hao 12 nawajua hata kabla hawajachaguliwa, wote wanaume, maana saa kumi na moja jioni ni saa ya kuchota maji na mimi niko kwenye chapati na maharage. Nani aliuliza mwanamke saa gani anaweza?

Boda Stendi ya Chini:

mimi nauliza tu hilo darasa litagusa pikipiki za umeme? Kampala zimejaa, kesho kutwa zitafika huku, na mimi sitaki kuwa yule jamaa anayesukuma pikipiki hadi Kigumba kwa sababu hakuna anayejua kufungua betri

Mwalimu Mstaafu:

Nimefundisha hesabu miaka mingi na pale kituoni nimefundisha awamu mbili, kwa hiyo nasema nilichokiona. Ndugu yetu Fundi Nusu ana haki kwenye friji lakini anasahau jambo moja: hesabu ile ya mzee wa Masindi ni ya desimali, na katika wanafunzi wangu 30 wa awamu ya mwisho waliojua kuzidisha 0.0074 kwa 40 bila simu hawakufika saba. Hawana ubovu wa akili, shule walikatisha. Ukifungua darasa la juu bila kushughulikia hilo, wiki ya tatu nusu wamekimbia na utasema hawana nidhamu.

Pili, mtihani wa kuingia. Kuna mjumbe mmoja anataka cheti cha S4, cha kumaliza kidato cha nne. Hilo napinga mpaka koo linikauke. Hata cheti cha ufundi cha DIT, idara ya serikali ya mafunzo ya kazi, kile walichokuwa wanapewa watu wanaojua kazi kwa mikono, hakikudai S4, sisi kituo cha jamii ndio tudai? Mpe mtu waya, multimita na saketi iliyoharibiwa makusudi, mpe nusu saa. Atakayepata kosa aingie. Wapo mafundi wa redio pale sokoni hawajui kuandika majina yao vizuri ila wanapata kosa kabla chai haijapoa.

Mtoto wa Bududa:

Mnazunguka na jambo kubwa hamjalitaja, LUGHA. Mwalimu anayetajwa anatoka Gulu na amesema yeye atafundisha kwa Kiingereza tu. Hapa tuko Waacholi, Waalur, sisi Wagisu tulioletwa baada ya maporomoko ya Bududa ya 2010, Wakenya waliokimbia fujo za uchaguzi ule wa 2007, Wasudani Kusini wengi, Wakongo nao wapo. Tukikutana kwenye mashine ya posho tunaongea nini? Kiswahili, tena hiki kibovu kibovu tunachoandika hapa. Baraza la mawaziri lenyewe 2022 lilisema Kiswahili kiwe lazima mashuleni, halafu sisi darasani tunarudi kutafsiriana kwa kunong'ona, mimi nilikaa kozi nzima nikimnong'oneza Msudani mmoja, yeye akafaulu mimi nikakosa nusu ya somo 😂

Najua mtaniambia invata imeandikwa Kiingereza. Sawa. Nimehesabu, maneno yote kwenye kioo cha ile invata ya kituo hayafiki 40. Andikeni ukutani na maana yake, wiki moja watu wanayajua. Mtu hahitaji kuongea Kiingereza ili ajue kwamba betri ya lithiamu haichajiwi kwa mpangilio wa betri ya maji, yaani ya asidi. Na hilo lisipofundishwa vizuri ndipo pesa inapotea, ile betri ya volti 12 ndani ina seli nne, kila moja 3.2, ukiacha kontrola kwenye mpangilio wa zamani inapandisha volti kuichemsha kama betri ya asidi, seli zinaumia au bodi ya ndani inakata na fundi anatangaza imekufa.

Mweka Hazina wa Zamani:

Naona ndoto nzuri. Mimi nilishika daftari la pesa miaka minne ngoja niwaamshe.

Multimita tulinunua nne, leo zipo mbili na moja haina waya mwekundu. Waya wa shaba wa kusuka mota unauzwa kwa kilo na bei yake inauma, mwanafunzi akikosea idadi ya mizunguko kazi yote ni takataka, unaanza upya. Nani ananunua? Watu 12 wakitoa 20,000 kila mmoja kwa mwezi ni 240,000, mwalimu wa Gulu nauli na posho yake inazimeza hizo kabla hujanunua hata fyuzi. Kuna mtu ataniambia pesa ya PDM, mpango wa serikali wa maendeleo ya parokia, ile milioni moja ya familia. Hiyo ni ya mbuzi na kuku jamani, na mnajua mnavyogombania hiyo.

Na usalama. Fezi tatu ni volti 415, siyo betri ya pikipiki. Kijana akirushwa pale ukumbini mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, atakuja kwangu au kwako? Mimi nakubali darasa kwa sharti moja, mwalimu awe na kibali cha ERA, mamlaka ya umeme, mkononi, karatasi, siyo "nimezoea". Hata hivyo nawauliza, mkimaliza miezi sita mtaweza kusaini fomu ya mtu kuwekewa Yaka, mita ya umeme wa kulipia kabla? Hamtaweza bila kibali. Tunajua wote mchezo wa hapa, anayefunga waya ni kijana asiye na kibali, halafu anatafutwa mwenye kibali aje asaini bila hata kupanda dari na anachukua zaidi ya aliyetoka jasho. Kama darasa halimpeleki mtu kwenye hicho kibali basi mtatoa cheti cha nne cha Fundi Nusu, hiki kimeandikwa "juu" badala ya "msingi".

Boda Stendi ya Chini:

hapo mzee amepiga penyewe

Mpita Njia:

Wakishajua watahamia Kampala au Juba, nyinyi mtabaki na paneli zenu. Ndivyo ilivyo.

Fundi Nusu (mwenye mada):

Nimesoma yote, nilikuwa juu ya paa la mtu.

Mpita Njia, wakienda waende, fundi wa balbu naye anaenda, tofauti ni kwamba yeye akifika huko anabeba matofali. Ila mota za posho haziendi Juba, ziko hapa, zinaungua hapa. Na nyingi zinaungua kwa kitu kilekile, fezi moja inakatika, mota inabaki inanguruma kwa mbili, mwenye mashine anasubiri "itashika tu" mpaka moshi. Kirelei cha kuizima ikizidiwa kingeiokoa, ila unakuta fundi alikiruka kwa sababu kilikuwa kinazima zima. Siwezi kuliacha hilo nikasema tuendelee na balbu.

Mama Kikomando umenishinda kwenye saa, nakiri. Sikuuliza mwanamke hata mmoja, hata dada yangu ninayekaa naye. Darasa la juu lichukue jioni moja tu, Alhamisi, na Jumamosi asubuhi, jioni mbili wabaki wanaoanza na binti yako awe wa kwanza kwenye hilo daftari. Lakini naomba uniambie, Jumamosi saa tatu mpaka saa sita inawafaa au nayo ni soko?

Mwalimu, desimali utafundisha wewe? Siulizi kwa utani. Wiki mbili za kwanza, kwa waya na multimita mkononi siyo ubaoni, watu wapime volti kwenye betri halafu mwisho wa waya, waone zinapotelea wapi ndipo uwape hesabu. Mtihani wa kuingia nakubaliana na wewe neno kwa neno.

Mweka Hazina, la waya wa shaba nimelifikiria na sioni njia ila mwenye mota alipie waya wake, sisi kazi yetu bure, na aambiwe mapema kwamba ni wanafunzi. Mota ya kwanza iwe ile ya kituo iliyoungua, hiyo tukiiharibu haina mwenyewe wa kulia. La kibali sina jibu zuri. Mwalimu lazima awe nacho, hapo huna mpinzani. Sisi wenyewe tutakipataje, hilo ndilo swali nitakalosimama nalo Jumapili.

Mama Kikomando:

Jumamosi saa tatu soko limechangamka, mnalijua. Saa nane mchana ndiyo tunapumua. Na siyo binti tu, mimi mwenyewe nataka kujua kwa nini sola yangu ya kibandani inazima saa moja usiku wateja wakiwa wamekaa.

Fundi Nusu (mwenye mada):

Paneli iko wapi na betri iko wapi, umbali gani mama?

Mama Kikomando:

Paneli juu ya kibanda cha jirani, maana kwangu kuna mwembe. Betri nimeficha nyumbani wasiibe, waya unapita chini ya barabara ya miguu.

Mwalimu Mstaafu:

😂😂 Hilo ndilo somo la kwanza. Alhamisi nakuja na multimita yangu na futi ya kupimia.

Boda Stendi ya Chini:

mimi nabeba ile mota toka stoo, natafuta wengine watatu, nilijaribu kuinua peke yangu mwaka jana mgongo bado unanikumbusha