Nakimbia peke yangu Dodoma, wenzenu mliwapataje?

Mgeni_Ilazo
Habari za jioni wakuu. Nimehamishiwa Dodoma kikazi kutoka Tanga, nakaa Ilazo. Familia itanifuata watoto wakifunga shule. Najiandaa na nusu marathoni, kwa hiyo kila alfajiri nipo barabarani, mimi na mbwa wa watu. Ofisini tunasalimiana vizuri tu, ila ikigonga saa tisa na nusu kila mtu anashika njia yake. Naona vikundi vya jogging vikipita vinaimba, fulana rangi moja, lakini wanaonekana wanajuana tangu zamani. Mtu anaingiaje? Halafu mwendo wangu ni wa kinyonga, na nikipandisha kule chuo kikuu, UDOM, pumzi inakata kabisa.

Mama_Nkuhungu
Karibu mwanangu. Tuanze na pumzi: hapa uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na wewe umetoka pwani. Mwili utazoea, mpe muda. Hewa yetu pia ni kavu, jasho linakauka kabla hujaliona, kwa hiyo kunywa maji hata kama husikii kiu.

Vikundi viko vya aina mbili. Kuna jogging ya mtaa: filimbi, nyimbo, barabara nzima yenu. Pale mbio ni kisingizio. Tuna katiba, tuna daftari la michango, ni kufa na kuzikana. Mwenzetu alipofiwa na mama yake Mpwapwa tulikodi Coaster tukaenda na masufuria yetu. Usishangae ukidaiwa kiingilio kabla hujaulizwa unakimbia kilomita ngapi.

Halafu kuna wale wa marathoni. Wachache, wamevaa saa kubwa, hawaimbi. Jumamosi alfajiri utawakuta barabara ya Dar wanaelekea Mtumba. Kwa kilomita 21 hao ndio wako. Utadhani wanaringa, kumbe saa kumi na moja alfajiri nani mchangamfu?

Na huo mwendo usikutie aibu. Mazoezi ya masafa marefu hukimbiwa polepole kwa makusudi, kiasi cha kuongea sentensi nzima bila kuhema. Ukishindwa kuongea, umezidisha. Sasa watu wawili wako bega kwa bega saa mbili nzima, hawatazamani usoni, wataongea nini? Wataongea yote. Mikopo, wakwe, mtoto aliyegoma shule: nimeyasikia kati ya Ihumwa na Mtumba mambo ambayo hata kikao cha ukoo hakijawahi kuyasikia. Wanaokimbia kwa kasi hawapati hayo, wanapata medali.

Kijana_AreaD
Mama kamaliza. Naongeza upepo. Mwezi wa saba na wa nane unatoka mashariki na haumchekei mtu. Kwenda Mtumba unakula vumbi, kurudi unasukumwa. Tunapokezana mbele, mmoja anawakinga wengine. Wewe peke yako nani akukinge?

Baada ya hapo kuna supu. Asiyebaki kwenye supu hata jina tunamsahau, nasema kweli. Alphonce Simbu wetu alipochukua dhahabu ya marathoni kwenye mashindano ya dunia ya riadha Tokyo 2025, muda mmoja na yule Mjerumani mpaka picha ya mwisho ikaamua, tuliikimbia mbio ile upya mezani pale asubuhi nzima. Mtu wa Singida yule, jirani! Mazoezi yaliyofuata kila mmoja alitaka kuongoza, tukayaharibu.

Mgeni_Ilazo
Shikamoo Mama, asanteni nyote. Naruhusiwa kuwa kote kuwili? Halafu hiyo supu, mimi kongoro sili.

Mama_Nkuhungu
Marahaba. Mimi mwenyewe niko kote. Ila Jumapili kwenye jogging ya mtaa saa yako iache nyumbani, watakucheka. Kongoro waachie wenyewe, kuna chapati na chai ya rangi. Nitumie ujumbe pembeni nikuelekeze tunapokutana Jumamosi. Vaa fulana nyeupe, malori ya barabara ile hayana adabu.