Tokyo siku 6, wawili na mabegi ya mgongoni: tulale Asakusa, Ueno au Shinjuku?

Kiatu_Kimoja:
Wakuu, heshima kwenu. Mimi na rafiki yangu, wote wanawake, tunakwenda Tokyo kwa mara ya kwanza. Siku 6, kila mmoja na begi lake la lita 40, na Kijapani hatujui hata neno. Tumechuja mpaka yakabaki maeneo matatu, hapo tumekwama. Asakusa kwa sababu ya utulivu na hekalu la Senso-ji. Ueno kwa sababu kila treni inaonekana kupita hapo. Shinjuku kwa sababu mwenzangu anataka kukesha, wakati mimi saa tatu usiku nimeshalala.

Swali la pili: kapsuli, chumba cha vitanda vya dabo deka, au chumba chetu wenyewe? Mwenzangu anakoroma (huku hapiti, ndiyo maana nasema). Naomba majibu ya waliolala huko, si walioona picha. Nawasilisha.

Reli_Mduara:
Dada, kabla ya uzuri wa eneo, jiulizeni treni ya mwisho itamwacha nani wapi. Treni za Tokyo hazikeshi. Kuanzia saa sita usiku laini zinafungwa moja baada ya nyingine, ikipita saa saba umekwisha, unasubiri mpaka saa kumi na nusu hivi alfajiri. Teksi zipo, tena mlango unajifungua wenyewe mpaka mgeni anashtuka, lakini kuanzia saa nne usiku nauli inaongezwa asilimia 20.

Sasa mmoja wenu analala mapema na mwingine anakesha. Basi kila usiku mtarudi kila mtu kivyake. Tafuteni mahali ambapo yeyote kati yenu, akiwa peke yake, amechoka na simu imeisha chaji, anarudi bila kubadilisha treni mara mbili.

Kwa kipimo hicho Ueno inashinda. Iko kwenye Yamanote, ile laini ya duara yenye stesheni 30. Ukisinzia ukapitiliza, baada ya saa moja hivi umerudi ulipopitia. Yamenikuta, sijivunii. Kufika Shinjuku ni kama dakika 25 kwenye treni hiyo hiyo. Kutoka uwanja wa ndege wa Narita kuna treni ya Skyliner inayowaleta Ueno chini ya saa moja. Angalizo: inaishia Keisei Ueno, stesheni nyingine kabisa, na ile kubwa mnaifuata kwa miguu dakika chache. Pale ndipo wageni wengi huanza kuzunguka na mabegi wakidhani wamepotea.

Mama_Kandambili:
Natetea Asakusa. Ueno mchana ni purukushani, hasa upande wa soko la Ameyoko. Asakusa umati ukiondoka jioni, mtaa unabaki na wenyewe. Viwanja vya Senso-ji havifungwi, kwa hiyo dada anayelala mapema anaweza kuamka alfajiri akaliona hekalu lile akiwa karibu peke yake. Saa nne asubuhi hutapenya.

Na usafiri si mbaya kama watu wanavyodhani. Kuna treni za moja kwa moja kutoka Narita na hata kutoka Haneda, ule uwanja mwingine wa ndege, na mkitumia Haneda hilo ni faida kubwa. Laini ya Ginza inawafikisha Ueno kwa dakika tano tu. Ndiyo laini ya chini ya ardhi ya kwanza barani Asia, ilianzia hapo hapo Asakusa mwaka 1927.

Mtego wake mmoja: kuna stesheni ya Asakusa ya laini ya Tsukuba Express ambayo iko mbali kidogo na zile nyingine. Mkiandikiana tu "tukutane stesheni ya Asakusa", mmoja atangoja mpaka akasirike.

Usiku_Mrefu:
Shinjuku. Mwenzako anataka kukesha, mpe Shinjuku. Jengo la serikali ya jiji lina ukumbi wa kutazamia mji mita 202 juu, na kupanda ni bure. Mabasi ya kwenda upande wa mlima Fuji yanaondokea pale pale juu ya stesheni.

Reli_Mduara:
@Usiku_Mrefu mkuu, hayo yote yanafanyika ukiwa umelala kwingine. Stesheni yenyewe ina milango zaidi ya 200 na watu zaidi ya milioni tatu kwa siku. Mgeni akitokea mlango usio wake akiwa na begi mgongoni, nusu saa imeondoka.

Usiku_Mrefu:
Hiyo nakubali. Siku ya kwanza nilitokea magharibi, hosteli ilikuwa mashariki. Nikavuka kwa kurudi ndani, nikalipa tena. Dada, mwambie mwenzako jambo moja tu kuhusu Kabukicho, mtaa wa baa na starehe hapo Shinjuku: yeyote anayemfuata barabarani kumkaribisha baa, asimfuate, hata akizungumza Kiingereza kitamu. Baa huchagua mwenyewe, na bei aiangalie ubaoni kabla hajakaa.

Ndani_ya_Sanduku:
Nijibu la kapsuli, maana naona limerukwa. Nimelala usiku nne.

Kapsuli ni kitanda ndani ya kijumba, na mlangoni kuna pazia, hakuna kufuli. Nyingine ni za wanaume tu. Zinazopokea wanawake huwawekea sakafu yao na lifti inafunguka kwa kadi. Usafi, siwezi kulalamika. Tatizo ni begi. Kabati unalopewa ni jembamba, la suti na viatu. Begi la lita 40 lililojaa haliingii, linabaki mapokezi, na kila ukitaka soksi unashuka. Halafu sehemu nyingi wanakutoa asubuhi ili wasafishe, unarudi mchana, hata kama umelipia siku tatu mfululizo. Aliyekesha atalala wapi saa nne asubuhi?

Na kukoroma: pazia halizuii kitu. Mtakuwa mmewagawia watu thelathini tatizo la mtu mmoja.

Usiku mmoja kwa ajili ya kusimulia, sawa. Siku 6, hapana.

Ramani_Mfukoni:
Mnajadili mahali pa kulala, mimi nina wasiwasi na mchana. Rafiki yangu nilimpoteza Shibuya kwa saa mbili. Tulikubaliana tukipotezana tukutane kwenye sanamu ya mbwa maarufu, Hachiko, nje ya stesheni. Wazo la kila mtu! Pale kuna mamia ya watu wanaosubiri wengine, na sisi tulikuwa tumesimama pande mbili za sanamu hiyo hiyo. Tangu siku hiyo tunakutana ndani ya duka dogo lenye jina tulilopiga picha, au kwenye mlango wa stesheni wenye namba.

Kuhusu anwani: mitaa mingi ya Tokyo haina majina. Anwani inakutajia eneo, kisha sehemu, kisha bloku, kisha jengo. Kumuuliza mpita njia "barabara fulani iko wapi" hakusaidii. Chukueni kadi ya hosteli yenye anwani kwa Kijapani, kila mmoja na yake, si moja ya kugawana. Mkikwama ingieni koban, kile kibanda cha polisi cha mtaani. Wana ramani ya bloku ukutani na kuelekeza watu ni sehemu ya kazi yao.

Pia kila mtu awe na kadi yake ya treni, Suica au nyingine. Kadi moja haiwezi kupitisha watu wawili getini, hilo liliwahi kutuacha mmoja ndani mmoja nje. Kwenye saa za msongamano asubuhi, begi livaliwe kifuani au liwekwe juu kwenye kichanja. Laini nyingi zina mabehewa ya wanawake pekee muda huo, tafuteni alama sakafuni. Na pasipoti mtembee nazo, ni sheria kwa mgeni.

Mikeka_Mitatu:
Hakuna aliyetaja Minami-Senju? Ni vituo vitatu tu kutoka Ueno kwa laini ya Hibiya. Zamani eneo hilo liliitwa San'ya, makazi ya vibarua, na nyumba zao za kulala nyingi sasa zinapokea wasafiri. Vyumba ni vya mikeka mitatu ya tatami, ukinyoosha mikono unakaribia kugusa kuta zote mbili. Choo na bafu ni vya pamoja. Lakini ni chumba cha mtu mmoja, chenye kufuli, na bei yake huwa inashindana na dabo deka. Chukueni viwili. Anayelala alale, anayekoroma akorome.

Kasoro: jioni kumepooza, na bado utakutana na wazee wa enzi zile wakinywa barabarani. Hawana shida na mtu. Mwenye kuogopa mtaa usio na mataa ya rangi hatapapenda.

Mama_Kandambili:
Hilo la vyumba viwili limenimaliza. Narudi nyuma hatua moja, ila hekalu la alfajiri msilikose.

Kiatu_Kimoja:
Asanteni sana, wote. Shinjuku nimeifuta kama mahali pa kulala. Sasa nimebaki kati ya Ueno chumba kimoja na Minami-Senju vyumba viwili. Naogopa kumwambia nataka chumba changu, ataona namkimbia.

Anayekoroma:
Ni mimi. Nimetumiwa kiungo na mtu, usiulize nani. Kwanza nakoroma nikilala chali tu. Pili, vyumba viwili ndivyo nilivyotaka tangu mwanzo, niliogopa wewe ndiye utaona nakukimbia, maana unaamka saa kumi na moja na kuanza kupanga begi kwa mifuko ya plastiki inayopiga kelele. Weka oda Minami-Senju. Usiku wa Ijumaa mimi niko Shinjuku mpaka treni ya kwanza, usinisubiri. Tukutane Asakusa, ile ya laini ya Ginza, mlango namba 1, saa kumi na mbili asubuhi. Uje na chai.