Naomba ushauri: Juki DDL-8700, mpya au mtumba?

Habari wakuu. Naomba msaada wa mafundi wa cherehani za umeme. Natafuta mashine ya kushona sare za shule, tetroni na kaki, kutwa nzima. Nimeshaamua Juki DDL-8700, maana ni modeli iliyoshikilia ubora wake miaka mingi: hadi mishono 5,500 kwa dakika, inajipaka mafuta yenyewe, na sindano zake DBx1 hazisumbui kupatikana.

Utata ni mpya au mtumba. Za mtumba nyingi zina mota ya klachi, inayozunguka na kula umeme hata usipokanyaga pedali. Kuibadilisha kwa mota ya servo (inayozunguka ukikanyaga pedali tu) ni gharama nyingine. Kubwa zaidi ni huki, kile chuma kinachozunguka chini na kunasa uzi wa sindano. Ncha yake ikilika, mishono inaruka hata ubadili sindano, kwani nafasi kati ya ncha hiyo na sindano inatakiwa milimita 0.04 hadi 0.1 tu.

Ncha iliyolika mnaitambuaje papo hapo dukani? Mafuta yasiporuka kwenye kioo cha juu cha kuyaonea, ni pampu au chujio limeziba? Kwa kaki nzito, sindano namba 16 inatosha au lazima niende 8700H, ile ya vitambaa vizito? Na bandia mnazijuaje? (Nembo tu haitoshi, inabandikwa popote.)