Riwaya ya upelelezi iwe kitabu teule cha sekondari, au ibaki ya kusomea safarini?

Mtoa mada

Ndugu wachangiaji, heshima kwenu nyote. Wahakiki wetu wamezoea kuigawa riwaya ya Kiswahili mafungu mawili, dhati (ya kutafakarisha) na pendwa (ya kuburudisha), na ile ya upelelezi wameitia fungu la pili, kana kwamba kitabu kinachomnyima msomaji usingizi hakiwezi pia kumfikirisha. Naomba tujadili: je, riwaya ya upelelezi, hasa ile ya mji mdogo ambamo siri ya familia inafumbuliwa na mtu asiye askari, inastahili kuwa kitabu teule, yaani cha kusomwa na kutahiniwa shuleni? Mimi nasema inastahili, tena tumechelewa.

Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957/58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa 1960. Mwenye mashamba, Bwana Ali, anakutwa ameuawa mzimuni, na anayelifumbua fumbo ni Bwana Msa, raia tu, mwenye kiko chake na rafiki yake Najum. Husemwa kuwa huyo ni Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa hadithi za Kiingereza, aliyehamia Unguja. Kiko ni cha Holmes, sibishi, lakini siri anazozifukua si za London, kwa sababu katika riwaya za Abdulla swali la nani kafanya nini huandamana mara kwa mara na swali la nani ni mtoto wa nani.

Hapo ndipo penye uzito. Katika mji mdogo siri ya nasaba haiko mbali na watu. Mkunga anaijua, shangazi anaijua, muuza kahawa wa barazani anaijua, ila kila mmoja ameifunika kwa sababu yake. Siri ya mtungi aijuaye kata, lakini nani amewahi kuona kata ikiandikisha maelezo kituoni? Askari akija na daftari huambiwa "sijui, afande", wakati jirani aliyekaa mkekani matangani siku tatu, akimiminiwa kahawa kikombe baada ya kikombe, husikia kijana mmoja akiitwa "mwanangu" na ndugu yake akiitwa "mtoto wa marehemu". Neno hilo moja ni ushahidi, na halipatikani kwa sare wala kwa bastola. Katika Simu ya Kifo (1965) ya Faraji Katalambulla upelelezi uko mikononi mwa polisi, na Willy Gamba wa Elvis Musiba ni jasusi. Nawasoma wote kwa raha, ila sio ninaowatetea leo.

Mwalimu wa fasihi, kidato cha tatu

Ndugu mtoa mada, kuhusu mkeka wa matanga umenigusa. Hata hivyo nina wanafunzi wengi na nakala chache: wa kwanza kumaliza akishamtaja muuaji, kitabu kimekufa mikononi mwa wenzake. Zaidi ya hayo, mzazi ana haki ya kuniuliza kwa nini namfundisha mwanawe kuchokonoa ya ndani ya nyumba za watu, ilhali dini na malezi vinamwambia asitiri. Na mtahini atauliza nini? "Jadili nafasi ya kiko"?

Mtoa mada

Mwalimu, la kiko limenichekesha, nami nitalijibu mwisho. Kuhusu jina la muuaji kuvuja, niliwahi kununua riwaya ya upelelezi ya mtumba ambayo msomaji aliyenitangulia, Mungu amsamehe, alikuwa ameandika jina hilo kwa penseli ukurasa wa kwanza. Nilikasirika, kisha nikasoma, na nikaona nisichokuwa nakiona zamani: mhusika yule alikuwa mbele ya macho yangu tangu mwanzo, akisalimia watu na kuulizia wagonjwa, na kila shahidi alikuwa amesema kweli nusu. Kitabu kinachokufa jina likitajwa hakifai kuteuliwa, nakubali; basi hicho kiwe kipimo cha kuteulia.

Kuhusu sitara, Siku Njema ya Ken Walibora imewahi kutahiniwa Kenya, na humo Kongowea anatoka Tanga kumtafuta baba asiyemjua. Huyo naye anafukua siri ya nyumba, tena yake mwenyewe. Mpelelezi wa mji mdogo ana mtihani mzito zaidi, kwa kuwa akishaujua ukweli ataendelea kuishi mtaa huohuo na aliowafumbua, na hana budi kuamua lipi alipeleke kituoni na lipi aliache alipolikuta. Sijui mahali pazuri kuliko hapo pa kulijadili hilo unalolihofia.

Na swali la mtahini nakupa, ulitumie utakavyo: "Shangazi alisema kweli, lakini hakusema yote. Je, alisitiri au alificha? Toa ushahidi kutoka riwayani."