Brauza inafungua, programu inagoma: tupeane uzoefu wa kufanya kazi nyuma ya proksi

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni wetu sisi ambao intaneti ya ofisini au chuoni hupitia seva ya proksi, yaani kompyuta ya kati inayopokea maombi yetu na kuyapeleka mtandaoni. Brauza inafungua kila kitu, programu ya pembeni inadai hakuna mtandao. Wengi hukimbilia kuzima na kuwasha ruta bure, wakati programu yenyewe haijui kama proksi ipo.

Kwetu ilikuwa programu ya kuhifadhi nakala za mafaili kwenye Windows. Brauza husoma mipangilio ya proksi ya mtumiaji, lakini huduma nyingi zinazojiendesha zenyewe hutumia WinHTTP, sehemu ya Windows ya kuwasiliana na mtandao, yenye mipangilio yake peke yake. Niliandika netsh winhttp show proxy, jibu: "Direct access". Yaani inatoka bila proksi na fayawoli (kizuizi cha mtandao) inaikata. Nikafungua CMD (dirisha la kuandikia amri) kwa haki za admin, nikaandika netsh winhttp import proxy source=ie ili inakili mipangilio ya mtumiaji, nikawasha huduma upya, mafaili yakaanza kupanda.

Mlinzi wa Seva: Mkuu umegusa penyewe. Mimi natumia Ubuntu, aina ya Linux. Niliweka vigezo vya http_proxy na https_proxy vyenye anwani ya proksi, curl (amri ya kuvuta data mtandaoni) ikapita, sudo apt update (kusasisha orodha ya programu kwa haki za admin) ikagoma, kwa sababu sudo kwa kawaida haibebi vigezo hivyo. Dawa ni mstari wa Acquire::http::Proxy kwenye faili ndani ya /etc/apt/apt.conf.d. Na wenye paswedi yenye @, andikeni %40, la sivyo sehemu ya paswedi inaweza kusomwa kama jina la seva.

Dada wa IT: Tazameni namba ya kosa kwanza. 407 maana yake proksi umeifikia, inataka ujitambulishe. Hapo usihangaike na kebo.

Kilichonitesa zaidi ni vyeti, yaani vitambulisho vya kidijitali vinavyothibitisha seva ni ya kweli. Proksi yetu hufungua mawasiliano ya HTTPS (yaliyofungwa kwa siri), huyakagua, kisha huyafunga kwa cheti cha ofisi. Windows ilikuwa nacho, brauza ikaridhika, ila programu ya Java ikakataa: Java ina ghala lake la vyeti. Nilikiingiza humo kwa keytool, zana ya Java ya vyeti, ikakubali. Kwenye simu ni kugumu zaidi, maana tangu Android 7 programu haziamini vyeti alivyoongeza mtumiaji mpaka aliyezitengeneza aruhusu. Nawashauri msizime ukaguzi wa vyeti ndani ya programu ili mambo yaende. Mwombeni admin apitishe mawasiliano ya anwani inayotumiwa na programu hiyo bila kuyafungua.

Kijana wa Chuo: Shukrani dada. Nimeweka proksi kwenye Wi-Fi ya simu, Chrome safi, meseji zinaingia, lakini simu za video zinakatika. Nifanyeje?

Mlinzi wa Seva: Mdogo wangu, simu za video hupendelea UDP, njia ya kutuma data haraka bila kusubiri uthibitisho, na proksi ya kawaida ya HTTP hubeba TCP, njia inayohakikisha data imefika. Baadhi ya programu hurudi kwenye TCP bandari 443 (mlango ule ule wa HTTPS), nyingine hukata. Hiyo huwezi kuirekebisha kwenye simu, nenda kwa admin wa chuo na jina la programu.