Fundi uliyeniwekea chuma badala ya fyuzi kwenye boti, leo umenitukana mbele za watu

Wakuu, naandika nikiwa ndani ya kosta ya kurudi Kyela, hata Uyole hatujafika, mikono inatetemeka. Simtaji. Mnamjua. Kila mwenye boti kuanzia Itungi mpaka Matema ameshapita mikononi mwake na ana kovu lake.

"Si nilikwambia haitakata?"

Hayo ndiyo majibu aliyonipa leo saa nane mchana, pale Mwanjelwa, Mbeya mjini, wateja wamejaa, kijiti mdomoni. Kebo yangu imeyeyuka kama mshumaa, boti nusura iwe mkaa katikati ya Ziwa Nyasa, yeye anajisifu kwamba chuma chake hakijakata!

Boti yangu ina betri nne na inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, ya wati 2,000 ya kuendesha friza la samaki. Kwenye waya wa chanya kulikuwa na fyuzi mbili kubwa za ANL, zile za kufunga kwa bolti, ampia 250, zimo tangu naichukua hiyo boti. Zilikuwa zimechoka. Kidirisha cha juu kimekuwa cheusi, ndani huoni kitu, masikio yake yameota kutu ya kijani, na friza likinguruma ukigusa pale unautoa mkono mwenyewe. Fyuzi ya hivyo ama itakukatikia bure usiku wa upepo, ama joto la ule mfungo mbovu litaunguza kishikio chake. Nikaagiza mpya mbili kutoka Dar, 80,000 yangu, nikampa mkononi. Kazi ilikuwa kufungua bolti, kusugua shaba ing'ae, kuweka mpya, kukaza vizuri. Basi!

Akaweka nini? Vipande viwili vya chuma bapa, kama vimekatwa kwenye kitanda cha bweni, vimetobolewa matundu. Fyuzi zangu mpya mpaka leo sijui zimelala kwa nani. Kumuuliza, ananiambia, "Mama, hii haitakata mpaka Yesu arudi."

Fyuzi ISIYOKATA, jamani! Sasa fyuzi imeumbwa ifanye nini kama si kukata? Betri ya volti 12 ukiishika haikurushi, ndiyo maana watu wanaidharau. Lakini ikipigwa shoti inamwaga maelfu ya ampia kwa mpigo, waya unaiva mwekundu kama wa hita. Fyuzi inawekwa pale ife yenyewe, waya upone. Inveta yangu ikifanya kazi kwa nguvu zote inanyonya karibu ampia 190. Vyuma vyake vingepitisha umeme wa mashine ya kuchomelea geti la kanisa na visishtuke.

Juzi usiku mbele ya Matema, kusi limechachamaa, kebo ikasuguana na mbavu ya boti mpaka ganda likaisha, ikagusa bloku ya injini. Moshi mpaka hatuonani! Kijana wangu akavua fulana, akaizungushia mkononi, akafungua kichwa cha betri kwa spana namba 13 gizani. Kiganja kimeungua, ile 13 imejichora kwenye ngozi, unaisoma kabisa. Milima ya Livingstone imesimama pale kama ukuta, chini yetu maji tu. Ungekimbilia wapi?

Kebo imeungua mita tatu. Vyuma vizima, vinang'aa.

Leo nimevibeba nikamwekea mezani. Hata pole hakuna. Akakinyanyua kimoja juu, akakizungusha wateja wote wakione, "Si nilikwambia haitakata?" Wakacheka. Akamalizia, "Mama uza usipa, umeme tuachie wenyewe."

Amekinyanyua JUU, wakuu. Kile kile kilichomuunguza mtoto wa watu.

Mla Mbasa: Pole sana mama. Nilimjua kabla sijamaliza aya ya pili. Hicho kijiti analala nacho.

Kiwira Moja: Hapo nawe mama una kesi. Fyuzi za 80,000 unamwachia mtu unaondoka? Ungekaa juu ya kichwa chake.

Mwenye uzi: Nilikuwa napokea barafu, mkuu. Barafu ya Kyela na jua lile inakusubiri?

Volti Kumi na Mbili: Mama, ukinunua nyingine kumbuka fyuzi inalinda kebo, hailindi inveta, kwa hiyo angalia unene wa kebo kwanza. Iweke jirani na betri. Viwango vya boti vya Marekani vinataka ndani ya inchi 7. Na kama betri ni za lithiamu achana na ANL, tafuta fyuzi za aina ya klasi T, zinazomudu shoti kubwa zaidi. ANL inakata shoti ya mpaka ampia 6,000, klasi T inafika 20,000.

Kipunji: Ticha ameingia, toeni madaftari.

Kihesa Juu: Kamwene wadau. Nyie mmewekewa chuma mnalia? Mimi fundi sola aliniviringishia karatasi ya sigara kwenye fyuzi. Nyumba imenuka wiki nzima, mke wangu akajua nimerudia kuvuta.

Makambako Standi: Hiyo ina nafuu. Fundi cherehani alishona suti ya bwana harusi, mkono wa kushoto mrefu shubiri nzima. Kwenye picha zote mdogo wangu anaonekana kashikilia kitu.

Mwenye uzi: Wakuu turudi kwenye mada. Amesema "si nilikwambia haitakata" na kijana wangu hata kushika usukani hawezi!

Njombe Baridi: Makambako Standi, huyo cherehani ana goti bovu? Ana suruali yangu tangu Pasaka.

Makambako Standi: Huyo huyo! Anasema "kesho asubuhi"?

Njombe Baridi: "Kesho asubuhi ukija imekwisha." Pasaka hiyo!

Kihesa Juu: Mfungulieni uzi wake jamani, mimi pia ana kitambaa changu.

Mla Mbasa: Mama samahani, hapo Kyela usipa debe shilingi ngapi sasa hivi?